Kidogo ya Huku, Kidogo ya Kwenu

Huku kwetu magharibi ya Jutland, pwani ya Denmark, mtu akinaswa mkono na mashine ya kuvunia, ukimuuliza hali atakwambia inasumbua kidogo. Sitanii. Mimi ni daktari wa hapa, nimezaliwa hapa, na mgonjwa pekee ninayemkumbuka akilia kwa sauti katika chumba changu alikuwa mtalii Mjerumani aliyechomwa na nyigu. Wenyeji hukaa wima kitini, kofia magotini, wakatazama dirishani, wakazungumzia upepo na viazi, na wakishainuka kuondoka ndipo wanapokumbuka kwamba kuna kitu kinawasumbua kidogo. Hapo mimi huwa nimeshainua simu kuita ambulensi.

Asta Kjær alikuwa mmoja wao, tena wa kutoka shina. Alipiga kinanda cha kanisa letu tangu akiwa msichana wa shule hadi uzeeni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vikubwa na ulimi usiochagua mtu. Mchungaji mpya alipokuja, Asta alimwambia mbele ya watu, kwenye kahawa ya baada ya ibada, "Mahubiri yako mazuri, ila yameniunguzia viazi." Watu walicheka, mchungaji naye akacheka kwa adabu, na Jumapili iliyofuata tulitoka mapema.

Mumewe, Ejnar, alikuwa fundi wa matrekta. Hawakujaliwa mtoto. Walikaa kwenye nyumba ya matofali mekundu karibu na kanisa, yeye na karakana yake, Asta na kinanda chake, na jioni walikula mkate mweusi na samaki wa kukaanga wakibishana kuhusu redio. Nilikuwa nikipita kwa baiskeli nawasikia kupitia dirisha la jikoni. Sijaona ndoa iliyobishana kwa raha namna ile.

Jumamosi moja ya vuli, baada ya chakula cha mchana, Ejnar alishikwa na kifua. Wikendi kliniki yangu hufungwa, kama zote, na simu za wagonjwa huenda kituo cha zamu mjini. Huko anayepokea mara nyingi si daktari wa hapa. Ni daktari wa kuazima, ndivyo tunavyowaita, anayeletwa kutoka Copenhagen au kutoka ng'ambo huko Sweden ashike zamu siku chache kisha arudi kwao. Wengi ni wazuri kuliko tunavyostahili. Ejnar alipiga simu mwenyewe kwa sababu Asta alikuwa kanisani akifanya mazoezi ya nyimbo za kesho yake. Akamwambia daktari kwamba kifua kinamsumbua kidogo. Daktari akamuuliza kama anaweza kungoja hadi Jumatatu amwone daktari wake. Ejnar akasema bila shaka. Asta aliporudi alimkuta karakanani, amekaa sakafuni ameegemea gurudumu la trekta la jirani, amekufa.

Simu zote za zamu hurekodiwa, na kuna kamati inayozisikiliza. Mimi ndiye mwenyekiti. Kila mwezi tunakutana mchana katika chumba cha juu cha kituo, tunachukua simu chache kwa bahati nasibu, pamoja na kila simu iliyoishia vibaya, tunazipima. Daktari aliuliza yaliyopaswa kuulizwa? Alisikiliza, au alikuwa anangoja zamu yake ya kusema? Alimwachia mgonjwa nafasi ya kupiga tena? Daktari wa kuazima asiyefaa haitwi tena. Ni kazi isiyopendwa na mtu, maana kila mmoja wetu anajua naye siku moja atasikilizwa.

Ndugu wa marehemu ana haki ya kusikia. Asta alikuja siku chache baada ya maziko, amevaa koti lake la Jumapili.

"Si lazima usikilize, Asta," nilimwambia.

"Gudrun, huyo mtu nimemsikiliza maisha yangu yote. Weka."

Niliweka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, jinsi alivyokuwa akifanya kanisani alipotaka kujua ni nani anayetoka nje ya sauti. Ilipokwisha akaniomba niirudie. Mimi nikaanza kupanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa.

"Umesikia pumzi?" akasema. "Anavuta katikati ya neno. Ejnar hakuwahi kuvuta pumzi katikati ya neno."

"Unataka kumlalamikia daktari?"

"Nimlalamikie kwa lipi? Ameambiwa kidogo, akajibu kidogo. Nimlalamikie Ejnar?" Akafunga vifungo vya koti, akavifungua tena. "Lakini hawa wageni, nani huwaambia kwamba kidogo yetu siyo kidogo?"

Hakuna aliyekuwa akiwaambia. Sisi wenyeji tulikuwa tunajua, na kwa kuwa tulikuwa tunajua hatukufikiri kama ni jambo la kusemwa. Katika kamati kulikuwa na kiti cha mtu asiye daktari, cha kuwasemea wagonjwa, na kilikuwa wazi. Nikamuuliza kama angekubali kukikalia. Akauliza kama kahawa yetu ni ya kweli au ya unga wa kukoroga.

Hivyo ndivyo Asta alivyopata kazi yake ya pili. Hakuja kumtafuta mwenye hatia, na nadhani ndiyo sababu madaktari walimpenda. Alichotaka ni kimoja tu, na alikisema siku ya kwanza, bila kupandisha sauti: asife mtu mwingine kwa neno lile. Daktari wa kuazima akifika kituoni kwa mara ya kwanza, Asta alimfuata na chupa ya kahawa na keki ya mdalasini, akamketisha, wakaigiza. Nilikuwa najipenyeza kwenda kusikiliza, kwa sababu hakuna kichekesho kama kile katika wilaya nzima.

Naikumbuka siku ya Linnea Sandell, daktari kijana wa kusini mwa Sweden, shingo ndefu, anacheka upesi na kuona haya upesi.

"Haya, daktari," Asta akasema. "Mimi ni mzee wa pwani. Nakupigia, nasema mguu unasumbua kidogo. Unafanyaje?"

"Nakuuliza umeanza lini."

"Asubuhi. Halafu?"

"Nakuuliza kama unaweza kutembea."

"Naweza, ila siyo sasa hivi."

Linnea akaangua kicheko.

"Usicheke. Mguu umevunjika."

"Lakini Asta, kwetu mtu akisema kidogo ni kidogo!"

"Ndiyo maana mnaishi miaka mingi. Sasa nikupe dawa. Muulize waziwazi, kwa kinywa chako cha mgeni: ni kidogo ya huku, au kidogo ya kwetu? Muulize hivyohivyo. Mtu wa huku kulalamika hawezi, lakini ukimuuliza uso kwa uso, uongo pia hawezi."

Linnea aliandika maneno hayo kwa kalamu ya wino mgongoni mwa mkono, kama msichana wa shule, na nilidhani yataishia huko. Hayakuishia huko. Madaktari wa kuazima wakaambizana. Baada ya muda tulikuwa tunawasikia kwenye rekodi, kwa lafudhi za kila aina: ni kidogo ya huku au ya kwetu? Na upande wa pili mtu anakohoa, kisha anasema kwa aibu, basi labda ni ya huku. Gari la zamu, lenye daktari wa kwenda majumbani, linakwenda. Thorkild, mfuga nguruwe, yuko hai leo kwa sababu ya swali hilo, na mpaka sasa anasema walimharakisha bure. Asta aliposikia rekodi ya Thorkild alitoka nje ya chumba. Alirudi macho mekundu, akauliza ni nani aliyekata keki vipande vikubwa namna ile.

Mimi na yeye tulikuwa marafiki kufikia hapo, kama mtu angeweza kuwa rafiki wa Asta bila kusutwa kila siku. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Ukiugua siku ya sikukuu nipigie mimi nyumbani."

"Niingilie mlango wa nyuma na wenzangu wako kwenye foleni? Hapana, mama. Nitapiga kituoni kama watu."

"Wewe ni mkaidi."

"Na wewe unaimba nyimbo za kanisa kwa pua. Kila mtu na lake."

Mambo yakaharibika katika kikao cha mwisho wa majira ya baridi. Tuliletewa simu ya mama mmoja kijana wa kijiji cha bandarini. Mumewe yuko baharini, gari hana, mtoto anakohoa kikohozi kile cha kubweka na koo limembana. Sikukuu na wikendi upande wetu wote wa pwani una gari moja tu la daktari, na saa ile gari lilikuwa limekwenda mashambani kwa mzee mmoja aliyesema, alipoulizwa, kwamba yake ni kidogo ya huku. Kumbe alikuwa na lengelenge kisiginoni. Ambulensi nayo ilitoka mbali. Kwenye rekodi mama anapiga, anapiga tena, na kila akipiga unamsikia mtoto nyuma yake, na kila mara ana hali mbaya zaidi. Mtoto alipona. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku ile hatukuambiwa mapema.

Afisa aliyetoka mkoani hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba tangu swali lile lianze, gari linatoka mara nyingi kuliko zamani, na mara nyingine linatoka bure.

"Na likitoka bure," akasema, "kuna mwingine anayelingoja."

"Basi leteni gari la pili," nilimjibu. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika nasema na masikio yananiwaka. "Mnataka tuwafundishe watu kunyamaza tena?"

"Sijasema hivyo, Gudrun."

Asta alikuwa ameinamisha kichwa vilevile, ingawa rekodi ilikuwa imekwisha. Nilipomsindikiza hadi kwenye baiskeli yake aliuliza jambo moja tu, jina la yule mtoto. Nikamwambia siruhusiwi. Akasema anajua, ameuliza tu.

Ijumaa Kuu mwaka ule ilikuwa na mvua ya mlalo, ile inayokuingia masikioni. Kliniki zote zilikuwa zimefungwa tangu Alhamisi hadi Jumanne. Asta alipiga kinanda asubuhi, na niliona mwenyewe kwamba wimbo wa mwisho aliupiga polepole kupita kiasi. Nilidhani ni huzuni ya siku yenyewe. Nje ya mlango nilimuuliza anaendeleaje, akasema upepo huu utavunja miche yote, nikasema kweli, tukaachana. Nimezaliwa hapa, na amenipita mbele ya macho.

Jumamosi alikuwa na mazoezi na waimbaji kwa ajili ya Pasaka. Hakutokea. Sigvald, mtunza makaburi, alikwenda kugonga. Alimkuta kitandani, amelala ubavu, nguo za kanisani zimekunjwa vizuri juu ya kiti, na viatu alivyokanyagia kanyagio za kinanda viko pamoja mlangoni. Alikuwa amekufa kabla ya mapambazuko. Nilipofika nilimgusa kile kiganja kikubwa, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimtukana, kusema kweli. Kisha nikalia kitandani pake hadi Sigvald akaniletea maji.

Jumapili tuliimba Pasaka bila kinanda. Mchungaji alianzisha, na sisi tukamfuata kila mtu kivyake, na hakukuwa na wa kuinamisha kichwa atusikilize nani ametoka nje. Katika ubeti wa pili watu wengi waliacha kuimba.

Jumanne niliambiwa kuna rekodi. Alikuwa amepiga kituoni siku ile ya Ijumaa Kuu, alasiri. Aliyepokea alikuwa Linnea.

Kwa sheria yetu daktari anaweza kuwepo simu yake ikisikilizwa, akitaka. Wengi hawataki. Linnea alivuka bahari akaja. Alikaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, shingo yake ndefu imeingia mabegani. Mwenzangu mmoja alisema mimi nisingefaa kuongoza kikao, kwa kuwa nilimjua marehemu. Nilimwambia hakuna mtu pwani hii ambaye hakumjua marehemu, na kama anataka mwenyekiti wa Ureno amtafute. Kiti cha Asta hakuna aliyekigusa. Kahawa ilikuwepo, hakuna aliyekunywa.

Tukaweka.

"Kituo cha zamu, ni daktari Linnea."

"Ni Asta wa kinanda. Samahani nakusumbua siku kama hii."

"Asta! Husumbui. Unaendeleaje?"

"Ah, kifua tu. Na huu mkono wa kushoto. Unasumbua kidogo."

Hapo alivuta pumzi. Chumba kizima kilisikia, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kusikia. Alivuta katikati ya neno.

Linnea aliuliza yote. Umeanza lini, umetokwa na jasho, unahisi kichefuchefu, maumivu yanapanda shingoni? Asta akajibu: ni tangu ibadani, nimekaa vibaya kwenye kile kiti, kinanda kina baridi, mgongo wa mzee. Kila jibu lilikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Kisha sauti ya Linnea ilipotoka tena haikuwa ya mzaha.

"Asta. Nakuuliza ulivyonifundisha. Ni kidogo ya huku, au kidogo ya kwetu?"

Mvua ilisikika ikipiga dirisha la jikoni lake, lile dirisha nililokuwa nikipita nikiwasikia wakibishana.

"Gari liko wapi?" Asta akauliza.

"Gari liko kwenye mizunguko. Asta, si kazi yako kufikiria gari."

"Kuna watoto leo?"

"Kuna mmoja anangoja. Lakini naweza kuita ambulensi sasa hivi. Nijibu. Ya huku, au ya kwetu?"

"Ya kwenu," Asta akasema.

Mwenzangu aliyetaka nisiongoze kikao aliweka mkono machoni. Mimi nilikuwa namtazama Linnea, na Linnea alikuwa anatazama spika iliyokuwa mezani.

"Una uhakika?"

"Ya kwenu kabisa. Nitalala, na ikizidi nitapiga tena."

"Niahidi."

"Naahidi. Na Linnea, umeuliza vizuri. Umeuliza yote, na kwa utaratibu. Ningekuwa kwenye kamati ningekupa alama zote."

Kwenye rekodi Linnea anacheka. Ni kicheko cha mtu aliyesifiwa na mwalimu wake. Anasema asante, Asta, asante sana, Pasaka njema. Kisha simu inakatwa.

Tulipaswa kutoa uamuzi, na tuliutoa. Daktari aliuliza yaliyopaswa kuulizwa, alisikiliza, alimwachia mgonjwa nafasi ya kupiga tena. Hana kosa. Nilimsomea Linnea kwa sauti, na nilijua nikisoma kwamba haumsaidii kitu.

"Nilisikia ile pumzi," akasema. "Niliisikia. Lakini yeye ndiye aliyesema watu wa huku hawawezi kusema uongo."

"Alisema," nikamjibu.

"Basi kwa nini?"

Ningeweza kumwambia habari ya mtoto wa bandarini, na baadaye nilimwambia. Lakini wakati ule nilishikwa na hasira nisiyoweza kuieleza kwa mgeni. Nilimkasirikia Asta, na hadi leo bado nimemkasirikia. Alimpigania kila mzee mkaidi wa pwani hii, akawafungulia midomo mmoja mmoja kwa keki na kahawa, kisha zamu yake ilipofika akajitoa kwenye hesabu, akajiita mgeni katika nchi yake ili gari liende kwingine. Na mtoto aliyekuwa anangoja siku ile, nimemuuliza daktari wa gari, alikuwa na homa ya kawaida ya meno.

Linnea alivaa koti lake. Kabla hajatoka alisimama nyuma ya kile kiti kitupu, akauliza kama atapangiwa zamu tena.

"Ukitaka," nikasema.

"Na nikiuliza tena lile swali, na mtu akanijibu ya kwenu, nifanyeje?"

"Tuma gari," nikamwambia.